Manispaa haina jela: jibu kwa msomaji ambaye mdogo wake alilazwa ofisi ya kata

Msomaji mmoja wa mkoa wa Mtwara, ambaye kwa ombi lake sitaji jina lake wala kata yake, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mdogo wangu ana miaka 17, anauza machungwa kwa toroli karibu na stendi. Ijumaa moja saa tisa alasiri mgambo walimkamata kwa kufanya biashara katika eneo lisiloruhusiwa, wakamfungia kwenye chumba cha ofisi ya kata pamoja na watu wazima watatu. Alilala humo usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Chakula tulipeleka sisi, na asubuhi walifagilishwa uwanja. Jumapili tulitoa shilingi 50,000 bila kupewa risiti, akaachiwa, toroli likabaki kwao. Nimesoma kwamba miji ya Marekani ina jela zake, na sheria ndogo za mji zinasema mfungwa alale wapi, ale nini na afanye kazi gani. Je, manispaa zetu nazo zina kanuni kama hizo, na zinasemaje?"

Marahaba, binti yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Manispaa zetu hazina kanuni za jela kwa sababu hazina jela. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri za miji, zikiwemo Manispaa ya Mtwara-Mikindani na Manispaa ya Lindi, kutunga sheria ndogo kuhusu masoko, usafi, ushuru na biashara za barabarani, na kuweka humo adhabu ya faini au kifungo. Lakini kifungo hicho hutolewa na hakimu baada ya kusikiliza kesi, na hutumikiwa katika gereza lililo chini ya Jeshi la Magereza. Kabla ya hukumu, mtu mzima aliyekamatwa kwa kosa kama hilo hukaa ama katika mahabusu ya kituo cha polisi, ama gerezani kama mahabusu kwa amri ya mahakama. Chumba cha ofisi ya kata, chenye meza mbovu, mifuko ya saruji na kufuli la nje, hakimo. Kwa hiyo usidhani kwamba kukosekana kwa kanuni za namna ya kumtunza mtu mle kunamwachia mtendaji wa kata hiari ya kumtunza apendavyo. Kanuni hazipo kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kulala humo.

Uliyoyasoma kuhusu Marekani ni ya kweli kwa huko. Miji kadhaa ya nchi hiyo huendesha jela zake yenyewe. Los Angeles, kwa mfano, ina jela zilizo chini ya polisi wa jiji. Miji ya namna hiyo huweza kuandika katika sheria zake nani ni msimamizi wa jela, chakula kinatolewaje na mfungwa wa kifungo kifupi anaweza kupangiwa kazi gani. Juu ya jela za miji zipo jela za kaunti, ambazo kwa kawaida huwa mikononi mwa sherifu, na juu yake magereza ya majimbo. Hata hivyo mji haujiandikii utakavyo, kwa kuwa juu yake ipo katiba. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, na mwaka 1991 ikaamua kwamba mtu aliyekamatwa bila hati apelekwe mbele ya mwamuzi kwa kawaida ndani ya saa 48, ili sababu ya kumshikilia ipimwe. Nayasema haya kwa sababu watu wengi husoma habari za huko wakadhani kwamba nasi tuna kitu cha namna hiyo kilichofichwa katika kabati la mkurugenzi. Hatuna. Sisi tumechagua kwamba halmashauri itunge sheria ndogo na isimamie utekelezaji wake, lakini kufuli na ufunguo vikae kwa wengine. Naona uamuzi huo ni wa busara. Atakayekwenda Mikindani kulitazama Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 akumbuke kwamba chini ya tawala za namna ile aliyekamata, aliyehukumu na aliyefunga mara nyingi walikuwa ni mkono mmoja, na aliyeonewa na mkono huo hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Sasa tumfuate mdogo wako tangu saa tisa ile ya alasiri. Mgambo anaweza kumkamata mtu anayevunja sheria ndogo mbele ya macho yake. Hilo silikatai, na ningekudanganya kama ningekuambia kwamba kukamatwa kwenyewe kulikuwa haramu. Mamlaka yake, hata hivyo, ni mafupi: anapaswa kumwambia mtu kosa lake, asitumie nguvu kuliko inayohitajika, na amfikishe kituo cha polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaweka wajibu huo huo hata kwa raia wa kawaida anayemkamata mhalifu: akabidhi. Mtu anaweza kupitishwa ofisi ya kata kwa dakika chache ili jina lake liandikwe au gari litafutwe. Kumfungia humo mpaka kesho yake ni kosa jingine, na safari hii mkosaji si muuza machungwa. Ibara ya 15 ya Katiba inasema wazi kwamba mtu hatakamatwa wala kuwekwa kizuizini isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Hapa naomba univumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa jambo hili. Watu wakiniuliza kuhusu haki za mahabusu huuliza habari za chakula, godoro na kipigo. Mimi huwauliza kwanza: ameandikwa? Katika kituo cha polisi kuna kitabu cha mahabusu kinachokaa kaunta. Kila anayeingia anapaswa kuandikwa jina, kosa, siku na saa aliyopokelewa, aliyemleta, hali ya mwili wake na vitu alivyokuja navyo, hadi mkanda na shilingi alizokuwa nazo mfukoni. Anapotoka, saa ya kutoka nayo iandikwe. Kanuni za Nelson Mandela, yaani viwango vya chini vya kuwatunza wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zimeweka jambo hili katika Kanuni ya 7, mapema kabisa, kabla ya kanuni za chakula, vitanda na matibabu. Nadhani mpangilio huo unafaa. Haki zote za mahabusu huhesabiwa kutoka katika saa moja, na kama saa hiyo haikuandikwa popote, basi kila haki inakuwa neno la ndugu dhidi ya neno la askari.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfuata mteja katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mama yake aliapa kwamba kijana alichukuliwa nyumbani usiku wa kuamkia Jumatatu. Nilipoomba kuoneshwa kitabu, jina lake lilikuwa limeandikwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Majina yaliyokuwa juu yake na chini yake yaliandikwa kwa wino wa bluu. Lake lilikuwa kwa wino mweusi, kwa herufi ndogo, limebanwa kati ya mistari miwili kama abiria aliyechelewa gari akasukumwa katikati ya waliokwisha kukaa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na safu ya hali ya mwili ilikuwa tupu. Hakimu alipouliza muda wa kushikiliwa unahesabiwa tangu lini, hapakuwa na karatasi iliyoweza kumjibu kwa uaminifu. Tangu siku ile sijawahi kuingia kituoni bila kuomba kusomewa mstari wa mteja wangu katika kitabu, na nikitoka nauandika katika daftari langu pamoja na saa niliyousikia. Mdogo wako, binti yangu, hakuandikwa katika kitabu chochote. Kwa usiku mbili, kwa macho ya serikali, hakuwa mahali popote. Kama angeumwa na nyoka mle ndani, au angechaguliwa na mmoja wa wale watatu kuwa mnyonge wake, nani angelazimika kueleza?

Laiti angekabidhiwa polisi Ijumaa ile, saa zingeanza kumfanyia kazi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, basi mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Wengi huamini kwamba anayekamatwa Ijumaa jioni hana budi kulala ndani mpaka Jumatatu kwa kuwa mahakama zimefungwa. Maana ya kifungu hicho ni kinyume cha imani hiyo: kwa kuwa Jumamosi mahakama haikai, na kwa kuwa kuuza machungwa mahali pasiporuhusiwa si kosa zito kwa kipimo chochote, mkuu wa kituo angepaswa kumwachia kwa dhamana ya polisi jioni ile ile. Dhamana hiyo ni ahadi iliyotiwa sahihi na mdhamini, wala hailipiwi. Mahojiano nayo yana kipimo chake: muda wa msingi ni saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza ya afisa aliyeidhinishwa haizidi saa 8. Mhojiwa anapaswa kuelezwa kosa analotuhumiwa na kuruhusiwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Namba za vifungu siziandiki kwa makusudi, kwa sababu toleo lililorekebishwa la sheria zetu limeanza kutumika mwaka 2025, na mtu akienda kaunta na namba ya zamani atabishiwa namba badala ya haki.

Umri wake unalifanya jambo liwe zito zaidi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu na anaihudumia familia. Mtoto hachanganywi na watu wazima katika mahabusu. Mzazi au mlezi wake ajulishwe. Afisa ustawi wa jamii ahusishwe. Kesi yake isikilizwe katika mahakama ya watoto. Na akipatikana na hatia hapewi adhabu ya kifungo cha gerezani. Kumlaza usiku mbili na wanaume watatu asiowajua, katika chumba kisicho na mlinzi wa ndani, ni jambo ambalo lingekuwa kosa hata katika kituo cha polisi chenye kila kibali. Mkimkuta tena katika hali hiyo, neno la kwanza kulitamka kaunta, kabla ya kuuliza kosa, liwe "huyu ni mtoto", na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki iwe mkononi.

Chakula. Umeandika "chakula tulipeleka sisi" kama jambo la kawaida, na kwa kweli limekuwa la kawaida. Nimewaona kina mama wa Lindi na Mtwara wakisimama nje ya vituo na hotipoti iliyofungwa kwa kanga, wakisubiri kuitwa, kisha askari anamwambia mleta chakula afunue, aonje kijiko kimoja cha ugali na mchuzi mbele yake, ndipo kipokelewe. Kuonjwa ni tahadhari inayoeleweka. Kwa kipimo cha Kanuni za Mandela, mahabusu ambaye hajahukumiwa anaweza kuletewa chakula kutoka nyumbani. Hiyo ni nafasi anayopewa yeye, haiuondoi wajibu wa anayemshikilia wa kumlisha. Asiye na ndugu mjini, kijana aliyetoka Tandahimba au Liwale kutafuta vibarua vya korosho, naye ana tumbo. Maji ya kunywa hayasubiri wageni. Mgonjwa akiomba matibabu, askari anawajibika kuchukua hatua ya kumpatia, na kama ana majeraha aandikiwe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, apelekwe hospitali, iwe Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Kuhusu kutendewa kwa utu kwa jumla, Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kuteswa na kupewa adhabu za kudhalilisha, na inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika.

Kufagilishwa uwanja kunaingia hapo hapo. Najua litaonekana dogo: ufagio, dakika 20, uwanja wa umma. Lakini kazi ya lazima ni adhabu, na Ibara ya 25 inaikubali pale tu inapotokana na hukumu au amri ya mahakama au sababu nyingine chache zilizotajwa humo. Mahabusu anaweza kutakiwa kusafisha mahali alipolala. Kufagia kiwanja cha ofisi mbele ya wapita njia, siku ya soko, huku wateja wake wa machungwa wakimtazama, ni kumtoza adhabu kabla ya kesi.

Yawezekana mtendaji akajitetea kwa "saa 48". Neno hili limeenea sana huku kwetu na hutumika vibaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe pale anapoona amani iko hatarini na hakuna njia nyingine ya kuilinda, na mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu au aachiwe ndani ya saa 48, huku sababu zikiwekwa kwa maandishi. Mamlaka hayo ni ya wakuu hao na ni kwa hatari hiyo. Hayateremki hadi kwa mtendaji wa kata, wala machungwa hayatishii amani.

Kuhusu zile shilingi 50,000, sheria ndogo nyingi zinaruhusu kufifilisha kosa: mkosaji anakiri kwa maandishi, analipa kiasi kisichozidi ukomo uliowekwa, kesi inaishia hapo. Ni utaratibu mzuri, na kwa mfanyabiashara mdogo mara nyingi una nafuu kuliko siku tatu za kupanda na kushuka ngazi za mahakama. Lakini una alama zake: fomu ya kukiri yenye sahihi, namba ya malipo ya serikali na stakabadhi yenye jina la halmashauri. Fedha inayopokelewa mkono kwa mkono siku ya Jumapili haina hata alama moja katika hizo. Zaidi ya hapo, kukiri kwa mtu aliyefungiwa usiku mbili si kukiri kwa hiari. Toroli nalo lilipaswa kuandikwa katika hati ya vitu vilivyokamatwa, nakala moja ikabaki kwa mwenyewe, pamoja na idadi ya machungwa, kwa kuwa machungwa huoza na mtu wa kuyalipa atatafutwa.

Nigusie gerezani kwa ufupi, ili uone tofauti. Mkuu wa Gereza, iwe Lilungu hapa Mtwara au kwingineko, hampokei mtu bila hati ya mahakama inayoonesha kwa nini anapokelewa na kwa muda gani. Anayepokelewa huchunguzwa afya, vitu vyake huandikwa, mahabusu hutengwa na wafungwa, wanawake na wanaume, na mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja mwenye mwenendo mzuri huweza kupunguziwa theluthi ya kifungo. Siwezi kukuambia kwamba ndani hakuna msongamano, maana waliopanda karandinga wanaujua. Ninachotaka uone ni kwamba lango la gereza linauliza karatasi kwanza, na mlango wa ofisi ya kata ulifunguka bila kuuliza kitu. Aidha, tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, hakimu anaweza kumpa mtu mzima mwenye kosa dogo kazi ya kijamii badala ya kumpeleka gerezani kabisa.

La kufanya sasa. Kaeni na mdogo wako leo, kabla kumbukumbu hazijapoa, muandike kila kitu kwa saa zake: alikamatwa saa ngapi, nani walikuwepo, nani alifungua mlango Jumamosi mlipoleta chakula, fedha ilipokelewa na nani na ilihesabiwa wapi. Watafuteni wale watatu waliolala naye. Ni mashahidi, nao ni waathirika. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ukiomba mambo matatu tu: nakala ya kumbukumbu ya kukamatwa kwake, stakabadhi ya fedha na kurudishwa kwa toroli. Usimtukane mtu. Barua isiyo na matusi inayoomba karatasi ambazo hazipo inasema zaidi ya malalamiko ya kurasa kumi. Nakala moja ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii na nyingine kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Lindi na ina mamlaka ya kutembelea mahali popote watu wanaposhikiliwa. Huhitaji fedha ya wakili kwa hatua hii: chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anapaswa kuweza kukuelekeza kwao.

Mkiamua kudai fidia kwa kufungiwa isivyo halali, taarifa ya siku 90 kwa serikali hutangulia kesi, hivyo msikawie. Na ikitokea tena, Mungu aepushie, mtu akafungiwa na hamjui yuko wapi au kwa nini, Mahakama Kuu iliyopo Mtwara inaweza kuamuru anayemshikilia amlete mbele yake na kueleza kwa sheria gani. Ombi hilo linasikilizwa haraka, na husimama juu ya kiapo chenye siku na saa. Kwa hiyo lile daftari mtakaloandika leo msilitupe. Barua ya Mkurugenzi nayo ipelekeni kwa mkono, nakala mbili, na msiondoke masjala mpaka ya kwenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.